Vifungo Kwenye Kopo la Dawa

Kila Alhamisi jioni, binti mmoja wa darasa la sita aliosha vyombo bila kuambiwa. Sufuria alizisugua mpaka mtu angeweza kujitazama usoni, vikombe akavifunika mezani, beseni akalisimamisha ukutani. Siku nyingine, kumtoa mkekani hadi kwenye beseni ilikuwa kama kung'oa kisiki.

"Laiti juma lingekuwa na Alhamisi saba," mama yake alisema akicheka, "ningenenepa kwa raha."

Mtaani walimwita Redio. Jina la shuleni alikuwa nalo, lakini halikuwa na kazi nje ya darasa. Kilichoingia masikioni mwake kilitokea mdomoni, tena kikiwa kimetiwa chumvi kidogo. Na ukimwuliza jambo, hukosi jibu. Neno "sijui" hakuna aliyewahi kulisikia kwake.

Alhamisi ilikuwa siku ya *Wodi ya Saba*, tamthilia ya madaktari wa hospitali ya mafunzo. Humo mlikuwa na profesa mwenye miwani ya kuning'inia puani, na wanafunzi wa udaktari waliomfuata kitanda hadi kitanda kama vifaranga. Profesa akisimama, wanasimama. Akiuliza, "Kwa nini?" wanatazamana.

Swali hilo ndilo Redio alilolipenda. Kwa nini moyo hauchoki? Kwa nini daktari hugonga goti? Maswali hayo alimpelekea mama yake mdogo, muuguzi katika hospitali ya mafunzo ya kweli, siku ambazo hakuwa zamu. Tatizo la Mama Mdogo lilikuwa moja: aliharibu tamthilia. "Mtazameni yule," alizoea kusema, "stetoskopu ameivaa kinyume! Hapo hasikii moyo wa mtu, anasikia njaa yake mwenyewe."

Televisheni ilikuwa ya akina Redio, lakini sebule ilikuwa ya watu wote. Jioni hiyo Mama Mdogo alikuwa zamu, ila wengine hawakukosa: majirani kwenye makochi, watoto sakafuni, na Baba Mdogo, dereva wa lori mwenye sauti kama honi, katikati.

Kwenye kioo, mzee mmoja alikuwa amekaa juu ya kitanda. "Profesa," alisema, "kichwa hakiniumi, usingizi ninapata, ngazi ninapanda kama kijana. Presha imekwisha. Kwa nini niendelee kumeza vidonge?"

Profesa akavua miwani. Akaifuta taratibu kwa ncha ya koti. Akafungua kinywa.

"Aache!" Baba Mdogo akadakia. "Mtu amepona, vidonge vya nini? Gari likishatengemaa utaendelea kulilaza gereji?"

"Shemeji, mwili si lori!" mama akamjibu.

"Nyamazeni tusikie!" jirani wa mlango wa pili akapiga kelele, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mtoto mchanga akaamka, akalia. Rimoti ikatafutwa kila mahali ili waongeze sauti. Kumbe Baba Mdogo alikuwa ameikalia. Ilipopatikana, kwenye kioo alikuwapo mwanamke anayetabasamu na kipande cha sabuni. Matangazo! Na yalipokwisha, Profesa alikuwa kitanda kingine.

Kesho yake Redio alitoka shule moja kwa moja hadi kwa Shangazi. Hakuwa dada wa baba yake. Alikuwa jirani yao, fundi wa nguo, na mtaa mzima ulimwita hivyo. Kipindi hicho alishona sare za shule mpaka usiku, kwa hiyo tamthilia aliisikia kutoka kwa Redio. Redio alisimulia huku akinyofoa nyuzi zilizobaki kwenye mishono, na malipo yake yalikuwa vipande vya vitambaa. Juu ya cherehani palikuwa na rafu, na kwenye rafu kopo jeupe la dawa za Shangazi za presha.

Alipofika kwenye swali la yule mzee, mguu wa Shangazi ulisimama juu ya pedali.

"Enhe? Profesa akamjibuje?"

Neno "sijui" lilifika kwenye ulimi wa Redio, likachungulia nje, likarudi. Badala yake alichukua maneno ya Baba Mdogo, akayavisha miwani ya Profesa.

"Profesa alicheka. Akasema, 'Mzee wangu, dawa ni ya mgonjwa. Wewe umepona. Ziweke kando, ukaishi.' Wanafunzi wakapiga makofi."

"Wakapiga makofi!" Shangazi alirudia polepole. Aliitazama rafu kidogo, kisha cherehani ikaendelea kunguruma.

Zikapita kama wiki mbili. Siku moja Redio alimkuta Shangazi amejifunga kitambaa kichwani, amekikaza. Mbele yake palikuwa na shati lenye mfuko mgongoni.

"Shangazi! Mwenye shati hili ataweka kalamu wapi, kwenye uti wa mgongo?"

Shangazi hakucheka. "Kichwa kinanigonga, mwanangu, kama nyundo ya fundi bati. Macho nayo yanaona mawili mawili. Hebu nipe kifungo cheupe, kimo kwenye kopo hapo juu."

Redio alinyoosha mkono. Kopo lililia kacha kacha, kama lilivyolia siku zote. Alipolifungua, ndani mlikuwa na vifungo vitupu. Kidonge hata kimoja hakikuwamo.

"Shangazi, dawa ziko wapi?"

"Nimezitia kwenye mfuko, nikaziweka kabatini. Si wewe uliyeniambia? Profesa mzima, na miwani yake."

Redio akajaribu njia ya mkato. "Profesa... alibadilisha mawazo, Shangazi."

"Lini?"

"Jana."

"Jana Jumanne? *Wodi ya Saba* imehamia Jumanne?"

Shangazi alikuwa anamtazama kwa macho mekundu, mkono umeshika paji la uso.

"Sikusikia alichosema," Redio alisema, akianza kulia. "Watu walikuwa wanabishana. Nilitunga."

Shangazi aliliweka shati chini. "Na makofi?"

"Na makofi pia."

"Ama kweli!" Shangazi alivuta pumzi. "Haya, yaishe hapa hapa. Usimwambie mtu. Mtaa huu ninaujua. Watasema fundi katibiwa na televisheni, watanicheka mpaka mwakani."

Redio alikubali, lakini kichwa cha Shangazi hakikukubali. Alipoinuka kwenda kunywa maji, aliyumba, akashika ukuta. Redio akatoka mbio kumwita Mama Mdogo, ambaye siku hiyo alikuwa mapumziko. Alimwambia tu kwamba Shangazi anaumwa kichwa vibaya.

Mama Mdogo alikuja na mashine ya kupimia presha. Alitazama namba. Akapima mkono wa pili. Akaikunja mashine upesi.

"Vaa viatu, dada," alisema. "Tunakwenda hospitali sasa hivi. Redio, beba mkoba."

Redio alikuwa akiiota hospitali ile. Alitarajia sakafu za kung'aa, vitanda vinavyokimbizwa, labda na muziki. Alikuta mabenchi yaliyojaa watu, feni inayolia kwiu kwiu, harufu kali ya dawa ya sakafu na bibi mmoja aliyesinzia huku ameshika chupa ya chai. Daktari naye hakuwa na miwani ya kuning'inia. Alikuwa mama mfupi mwenye ndala, kalamu ameipachika sikioni. Ila nyuma yake walikuwapo wanafunzi watatu, kama vifaranga vile vile! Redio alizikagua stetoskopu zao. Zote zilikuwa zimevaliwa sawasawa.

Shangazi alilazwa kitandani, akapimwa tena.

"Mama huyu alipewa dawa hapa hapa, na ilikuwa inamfaa," Daktari aliwaambia wanafunzi. "Leo presha imepanda hivi. Kwa nini?"

"Dawa imeshindwa, Daktari," kijana mrefu alijibu upesi. "Tumwongezee nyingine, kali zaidi."

"Na wewe?"

Msichana mwenye nywele za kusuka alisita. "Sijui, Daktari. Ningependa kumwuliza mwenyewe kwanza."

Redio alifumba macho. Kwenye *Wodi ya Saba*, mwanafunzi wa kusema hivyo hufukuzwa wodini. Lakini Daktari alitikisa kichwa kukubali. "Hilo ndilo jibu zuri la kwanza tangu asubuhi. Muulize."

Msichana alichuchumaa karibu na kitanda. "Mama, dawa unameza kila siku?"

"Kila siku, mwanangu," Shangazi alisema, macho dirishani.

"Basi itabidi tumwongezee," Daktari alisema, akichomoa kalamu sikioni.

Redio aliitazama kalamu ile ikishuka kwenye karatasi. Aliahidi kunyamaza. Akisema, Shangazi ataaibika, naye pia. Asiposema, wataandika tiba ya ugonjwa ambao haupo. Yule dada amesema "sijui" mbele ya watu wote, na paa halikuanguka.

"Hamezi!" Redio alisema. "Kopo lina vifungo!"

Kila mtu aligeuka. Akaeleza yote, bila chumvi: sebule, kelele, matangazo, uongo wake, makofi. "Sikujua Profesa alijibu nini," alimaliza, "ila sikutaka kusema sijui."

Mama Mdogo alimkazia macho. Shangazi alifunika uso kwa kanga yake. Daktari hakufoka. Alirudisha kalamu sikioni.

"Mmesikia?" aliwaambia wanafunzi. "Tungempa dawa kali juu ya ile ambayo hamezi. Akifika nyumbani, kwa hofu, angezimeza zote pamoja, presha ishuke ghafla, aanguke." Kisha akamgeukia Shangazi. "Mama, hakuna wa kukucheka hapa. Presha haipigi hodi. Ulijisikia vizuri kwa sababu dawa ilikuwa inafanya kazi. Usiiache kabla hujatuuliza sisi."

Shangazi alirudishiwa dawa yake ile ile, akabaki chini ya uangalizi. Siku mbili baadaye, presha ikiwa imeteremka, walikwenda kumchukua. Alikuwa anamweleza muuguzi kwamba koti lake limeshonwa vibaya begani.

Njiani Mama Mdogo alimshika Redio mkono. "Mdomo wako ni zawadi, mwanangu, watu wanaupenda. Lakini anayekusikiliza huenda anaamua jambo kubwa kwa neno lako. Kusema 'sijui' si aibu. Aibu ni kumpa mtu jibu ambalo huna. Na wewe, dada," aliongeza, "televisheni ni ya kutuburudisha. Ukitaka ushauri wa dawa, mlango wangu unaujua."

"Nimekoma," Shangazi alisema.

Mwisho wa mwezi walirudia sehemu ile ya *Wodi ya Saba*. Safari hii Shangazi aliacha cherehani, akaja mwenyewe, akakaa mbele kabisa. Baba Mdogo alipewa mto wa kochi, akaamriwa kuubana mdomoni. Rimoti aliishika mama.

Mzee akauliza swali lake. Profesa akavua miwani, akaifuta, akafungua kinywa. Sebule ikawa kimya.

"Mzee wangu," Profesa alisema, "mvua ikikatika, unang'oa paa?"

Watu waliangua kicheko, hata Baba Mdogo ndani ya mto wake. Shangazi alimgeukia Redio.

"Na wanafunzi? Mbona hawapigi makofi?"

"Hawakupiga, Shangazi."

"Basi nitawapigia mimi," Shangazi alisema, akapiga makofi mpaka mtoto mchanga akaamka.