Yule Asiyepinduka

Kila kitu kilichoonekana ndani ya darubini ile kilikuwa kichwa chini miguu juu, isipokuwa mtu mmoja.

Fundi miwani aliitengeneza kwa mikono yake: bomba la maji la plastiki, kioo kikubwa mbele, na nyuma kioo kidogo kinene cha kuwekea jicho. Mchana alikata vioo vya miwani katika kibanda chembamba kilichobanwa kati ya kinyozi na muuza viatu, na mtu anayeshinda na macho mabovu ya wenzake pengine ana haki, jua likizama, ya kutazama kitu kilicho mbali. Mkewe hakuliona hivyo. Yeye alishinda kwenye karakana ya sare za shule, mbele ya cherehani, akishona kola na kola tu, na akirudi nyumbani miguu imevimba mpaka ndara hazimwingii. Jioni hiyo umeme ulikatika mtaa mzima, nyota zikajaa, mumewe akaona bahati imemdondokea. Akambembeleza aje uani. Mke akamjibu kwamba nyota zilikuwepo jana na kesho zitakuwepo, yeye anataka kulala. Akaja hata hivyo, maana kubisha nako kunachosha.

Binti yao, waliyemwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika, ndiye aliyekuwa na furaha ya watu wote watatu. Wakati wa chakula baba alikuwa amemfundisha kwa kijiko. Ukijitazama mgongoni mwa kijiko unajiona ulivyo. Ukijitazama tumboni mwake unajiona umepinduka. Darubini nayo hupindua, akamwambia, na kwa nyota haidhuru, kwani nyota ina kichwa wapi na miguu wapi? Chiriku akajitazama kijikoni mpaka chakula kikapoa.

Ili kulinganisha vioo, baba aliielekeza kwanza kwenye paa la jirani, penye tangi la maji. Mke akainama, akaona tangi linaning'inia na ngazi yake inaelekea chini mbinguni, akacheka kidogo. Kisha Chiriku akapanda juu ya ndoo, akafumba jicho la kulia, akaweka la kushoto kwenye kioo. Akaanza kuhesabu kwa sauti alivyoviona: tangi hilo, ngazi hiyo, waya ule. Ghafla akanyamaza, na ukimya wa Chiriku ndio uliowafanya wazazi wageuke.

"Baba," alisema polepole, "mbona yule bibi hajapinduka?"

Baba akauliza bibi gani. Wa kando ya tangi, mtoto akajibu; tangi limepinduka, yeye kasimama sawa. Baba akatazama paa kwa macho yake matupu. Halikuwa na mtu. Akainama kwenye kioo, na hapo akamwona: mwanamke mzee, kitambaa kichwani, amesimama wima katikati ya vitu vyote vilivyoning'inia, anamtazama. Haraka akalielekeza bomba juu. Nyota zikaja, na katikati ya nyota alikuwepo bibi yuleyule, safari hii karibu zaidi. Akakifunika kioo kwa kiganja, akasema macho yamechoka, twendeni ndani. Akalibeba bomba mpaka sebuleni bila kumtazama mkewe usoni.

Nyumba ikaanza kunuka mafuta ya nywele yaliyochacha, harufu ya kitu kilichovaliwa miaka mingi na kichwa kimoja. Chiriku alilala mara tu alipolazwa. Jicho la kulia likafumba. La kushoto halikufumba. Mama akalishusha kope kwa kidole, likapanda tena taratibu. Mtoto anapumua, amelala fofofo, na jicho lile moja linatembea juu ya dari likifuata kitu. Kule sebuleni, kwenye kona ilipoegemezwa darubini, kikasikika kitu mithili ya ukucha unagonga kioo: ti, ti, ti. Kisha kikaacha.

Mke akamvuta mumewe ukumbini. "Kile kioo kidogo," akanong'ona, "umekitoa wapi?"

Hakuwa na nguvu za kudanganya. Ndani ya droo ya kibandani kulikuwa na miwani minene ya bibi mmoja aliyewahi kutolewa mtoto wa jicho. Aliileta ikazwe skrubu, akasema atapita kesho, hakupita tena. Aliyemfundisha kazi alimwachia desturi moja: miwani isiyorudiwa na mwenyewe hulazwa kifudifudi, haivuliwi kioo, wala mtu hatazami ndani yake. Desturi hiyo ameishika miaka yote bila kujua sababu. Lakini vioo vinene vya namna ile havikatwi tena siku hizi, naye alikuwa amechoka kutafuta. Akakivua cha kushoto.

Mke akachungulia sebuleni, ilipo darubini. "Si umesema kila kilicho nje kinapinduka?"

"Ndiyo."

"Basi yule hakuwa nje. Alikuwemo humo bombani." Akautazama mlango wa chumba cha mtoto. "Sasa hayumo tena."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na wawili hawa hawakuhitaji kukumbushwa. Asubuhi Chiriku hakusema neno. Zahanati wakatoa dawa ya matone. Jicho likazidi kuwa jekundu, kavu, wazi, na mama, ambaye siku hiyo hakwenda kazini, alikaa akilidondoshea maji huku akiogopa kwamba mwanawe atapofuka, au kwamba kitakachobaki kikitazama kupitia jicho lile hakitakuwa mwanawe.

Mganga waliyemwita, mtaalamu wa mambo hayo, alifika jua linazama, akitokea nyumba nyingine yenye shida zake. Alikuwa mama mnene mwenye miayo isiyokwisha, mganga hajigangi. Aliomba kiti, akaomba maji, ndipo akamshika Chiriku kidevu na kuliuliza lile jicho linataka nini.

Sauti iliyojibu ilikuwa ya kizee. "Nimesubiri mno. Nimechoka. Nataka pa kupumzika."

Mtaalamu akashusha pumzi. Huyu si bibi mwenyewe, akawaeleza. Ni jini aliyekaa jichoni mwa bibi akaivaa sura yake, na bibi alipofariki akabaki kwenye kioo; na sura aivaayo jini haipinduki. "Mwenye hasira si kazi," akasema. "Atapiga kelele, atachoka, ataondoka. Aliyekwisha kuchoka ndiye mgumu. Huyo akikaa, amekaa."

Jini huyo angetolewa kwa njia aliyoingilia, mtaalamu akaeleza. Mtu mzima amtazame mtoto kupitia bomba, asipepese jicho mpaka jini aingie kwenye kioo. Hapo mtaalamu angekichomoa, akakirudisha kwenye fremu yake, iliyokwisha kuletwa kutoka kibandani, na kuilaza kifudifudi. Mtazamaji akipepesa, jini atakivuka kioo na kumwingia yeye. Baba akasimama. Mkewe akamkalisha.

"Wewe unatetemeka," alisema. "Mimi nashona kola kutwa nzima sipepesi. Niache."

Wakamkalisha Chiriku kwenye kiti mwisho wa ua, mtaalamu akawasha taa ya chemli miguuni pake. Mama akaweka jicho. Akamwona mwanawe kichwa chini, na nyuma ya mwanawe bibi amesimama wima, na mtaalamu akaanza kusoma kwa sauti ya chini, na bibi akaanza kuja, taratibu, kama mtu anayepanda ngazi amebeba mzigo, harufu ya mafuta ikipanda naye, ukucha ukigonga ndani ya bomba ti, ti, ti, sasa karibu kabisa na kope la mama, jicho likimchoma, chozi likimtiririka, na huko nyuma kope la Chiriku likaanza kushuka, nusu, robo tatu, ndipo bibi akasimama njiani, akageuka, akamtazama mtoto kwa hamu ya mtu aliyeondolewa kitandani kabla hajatosheka na usingizi, akainua mguu kurudi kule alikotoka, na kope la mtoto likapanda tena.

Mama akanong'ona neno, baba hakulisikia. Bibi akageuka.

"Ameingia," mtaalamu akasema, akakichomoa kioo. "Umepepesa?"

"Hapana," mke akajibu.

Kule kwenye kiti Chiriku alifumba macho yote mawili, akainamisha kichwa begani. Baba akambeba, akalia bila aibu. Mtaalamu akaifunga miwani kwenye kitambaa, akaondoka nayo, akipiga miayo mpaka kwenye lango.

Asubuhi fundi aliamshwa na sauti ya Chiriku ikiuliza mambo matatu kwa pamoja, akaona hajawahi kusikia kitu kitamu kama hicho. Mkewe alikuwa ameshaamka, ua umefagiliwa, chai iko mezani, na yeye amesimama jikoni akiimba chinichini. Ndara zilimwenea vizuri. Fundi hakukumbuka mara ya mwisho kumwona hana uchovu, na moyo wake ukajaa shukrani.

Chiriku akamtaka amwonyeshe tena mchezo wa kijiko. Akakifuta, akakiinua. Tumboni mwa kijiko akajiona yeye, kichwa chini. Akaliona dirisha, kichwa chini. Akamwona Chiriku, kichwa chini, anacheka.

Nyuma yao, penye jiko, mkewe alikuwa amesimama wima.

Fundi akakilaza kijiko mezani, kifudifudi. Hakugeuka. Mtoto alikuwa bado anacheka, na jambo moja tu alilielewa waziwazi: lile neno alilonong'ona mkewe jana kwenye bomba lilikuwa mwaliko.

"Kunywa chai, baba Chiriku," sauti ikasema nyuma yake kwa upole. "Unaonekana umechoka. Mimi nimeshapata pa kupumzika."