Somo la Kuanguka

Wiki ya mwisho kabla ya sikukuu ya Durga Puja, soko la Gariahat mjini Kolkata halina adabu: ukisimama unasukumwa, ukitembea unakanyagwa. Humo ndimo kapu la Shirsha Bagchi lilimomgonga kijana mmoja ugokoni, naye akaenda chini akipiga yowe, akabingirika mpaka kwenye sari za muuza nguo.

"Mguu wangu! Mama yangu wee, mguu!"

Shirsha, mrembo ndani ya sari ya pamba rangi ya haradali, alichuchumaa akambonyeza kwa vidole viwili.

"Nimekugonga wa kulia, kaka. Wewe umeshika wa kushoto."

Kijana alifumbua jicho moja. "Umesomea miguu?"

"Ndiyo kazi yangu. Jumatatu naanza kutibu wachezaji wa klabu moja ya soka pale viwanja vya Maidan. Ya bluu na nyeupe."

Kijana alicheka mpaka akakaa. "Basi karibu kwetu, daktari. Mimi Palash Ghorui."

Jina hilo Kolkata nzima ililijua, nusu yake kwa matusi. Palash alikuwa fundi wa kufunga mabao, na fundi zaidi wa kujiangusha. Beki akipiga chafya tu, yeye chini, na penalti imepatikana.

Walipendana upesi, kwa chai ya vikombe vya udongo nyuma ya uwanja na kwa simu zisizo na kichwa wala miguu.

"Daktari, moyo unauma."

"Upande gani?"

"Kulia."

"Moyo uko kushoto, mwongo wewe!"

"Wako ndio uko kushoto. Wangu umehama, uko huko kwako."

Harusi ikapangwa mwezi wa Phalgun, kati ya Februari na Machi. Palash aliapa kwamba yule samaki wa desturi atakayepelekwa kwa kina Shirsha siku ya bi harusi kupakwa manjano atakuwa mkubwa kuliko bi harusi, na atavikwa sari nzuri kumshinda.

Lakini marefa walikuwa wamemchoka. Sasa akianguka anapewa kadi ya njano, na kocha akamwambia wazi kwamba kwa mtindo huo atazeekea benchi. Alimjia Shirsha amenuna. Hapo Shirsha akafanya jambo ambalo hadi leo linanikera kulisimulia: kwa mapenzi, akamfundisha.

"Unapiga kelele mno," alimwambia. "Aliyeumia kweli hunyamaza, Palash. Pumzi inakatika. Macho yanaganda mahali pamoja. Panapouma hapashiki, anaogopa."

"Hivi?"

"Usinitazame, utanichekesha. Hapo! Hapo umeweza, mpenzi."

Na marefa wakaamini tena.

Siku ya mechi ya watani wa jadi, klabu yao iliongoza bao moja, muda ukiyoyoma. Beki aliteleza, akamgonga Palash gotini. Palash alianguka, kimya. Shirsha aliingia na mkoba wake akitembea taratibu, kama kocha alivyopenda, dakika ziliwe. Akapiga magoti, akamtazama usoni: pumzi imekatika, macho yameganda, mikono iko mbali na goti. Nusura ampigie makofi.

"Safi, mpenzi," alinong'ona. "Muda umetosha. Inuka."

"Shirsha..."

"Inuka bwana, refa anatutazama. Atakupa kadi."

Palash alimwamini, maana alikuwa daktari wake. Alisimama, akauwekea mguu uzito, akageuka. Goti lilikatika kwa sauti ambayo Shirsha aliisikia vizuri sana. Ndipo Palash alipopiga yowe, na mashabiki wa upande wa pili wakamzomea huku wakicheka.

Daktari wa upasuaji alisema kama angebebwa kwa machela pale alipoanguka, pengine angecheza tena. Palash hakumwambia mtu yeyote nani alimwinua. Kila Shirsha alipopiga simu, jibu lilikuwa moja.

"Goti vipi leo?"

"Haliumi hata kidogo, malkia wangu."

Phalgun ilipoingia, Shirsha alikwenda nyumbani kwa Palash, Uttarpara, akapanda ngazi amevaa ile sari ya haradali. Palash aliinuka kumpokea, akavuka chumba wima, bila fimbo, akitabasamu. Lakini pumzi alikuwa ameibana, na macho yameganda ukutani.

"Linauma," alisema Shirsha.

"Nani kasema?"

"Mimi ndiye niliyekufundisha, Palash! Kaa chini." Alimshika mkono. "Tuoane. Samaki nitamvika sari mwenyewe."

Palash alikaa. Alimpenda, na ilionekana.

"Nikichechemea, wewe utalia," alisema. "Kwa hiyo mbele yako sichechemei. Miaka yote nimejifanya nimeumia, Shirsha. Kujifanya mzima, kila siku, mpaka uzeeni, siwezi."

"Basi usijifanye!"

"Utaweza kulitazama?"

Alikunja suruali hadi juu ya goti. Shirsha alifungua kinywa aseme ndiyo. Alilitazama goti lile, lenye kovu refu na lililosinyaa, na machozi yakamtoka kabla ya neno.

"Umeona?" Palash aliuliza kwa upole, akiishusha suruali. "Nenda, mpenzi."

Shirsha aliteremka ngazi. Alipofika kwenye kona ya ngazi alisikia huko juu Palash akiguna, kisha akipiga yowe, kubwa, la kujiachia, kama lile la Gariahat. Aliweka mguu kwenye ngazi ya juu yake arudi. Halafu akauondoa, akashuka haraka hadi barabarani, ili amwache alie bila kutazamwa mpaka amalize.