Elodia na Sungura-Samaki

Tegeni masikio, wadogo zangu. Mbali kabisa, nchini Meksiko, aliishi msichana mdogo aitwaye Elodia.

Kwao walitengeneza wanyama wa mbao. Si wanyama wa kawaida! Paka mwenye mabawa. Kobe mwenye pembe. Umewaona wapi hao?

Baba alichonga. Ka! Ka! Ka!
Mama alipaka rangi. Nukta, nukta, nukta.

"Mama, tucheze?"
"Baadaye, mwanangu. Nina kazi."

"Baba, tucheze?"
"Baadaye, mwanangu. Nina kazi."

Elodia alikaa mlangoni peke yake. Alikuwa mpweke sana.

Siku moja Baba alimchongea mnyama wake mwenyewe. Masikio ya sungura, mkia wa samaki!

"Usimpake rangi kwanza," alisema Baba. "Mti bado mbichi. Ngoja ukauke."

Elodia akangoja. Akamgusa. Bado mbichi.
Akangoja tena. Akamgusa. Bado mbichi!

"Mama, tucheze?"
"Baadaye, mwanangu. Nina kazi."

Basi Elodia hakungoja tena. Alitaka rafiki leo.

Akachukua brashi. Akampaka rangi ya manjano. Akamtia nukta nyekundu, hata puani! Wakacheza juani mchana kutwa, wao wawili tu.

Jioni... KRA! Tumbo la Sungura-Samaki likapasuka.

Elodia akalia. Mama akaweka brashi chini.

"Mbona hukungoja, mwanangu?"
"Sikuwa na mtu wa kucheza naye, Mama."

Moyo ulimuuma Mama. Akamwita Baba.

Baba akachonga kijiti chembamba. Akakipaka gundi, akakisukuma ndani ya ufa.

"Sasa tumshike sote," alisema. "Tukimwachia kabla gundi haijakauka, atapasuka tena."

Elodia akashika masikio. Mama akabana tumbo. Baba akashika mkia. Wakakaa mkekani, magoti yakigusana.

Hakukuwa na ka, ka, ka. Hakukuwa na nukta, nukta, nukta.

"Huyu anakula nini?" akauliza Baba.
"Karoti," alisema Elodia. "Lakini anazilia majini."

Mama alicheka hadi machozi yakamtoka. Baba naye akacheka. Elodia akasikia raha mwili mzima.

Wakaongea, wakaongea. Macho ya Elodia yakawa mazito. Akalala pale pale, katikati yao.

Gundi ilikuwa imekauka zamani. Mama alijua. Baba alijua.

Hakuna aliyeachia.