Kurasa Nilizomchania Mama

Nilikuwa chooni. Nimefunga komeo, nimekaa sakafuni, nachana kitabu!

Sio gazeti la jana. Riwaya mpya kabisa, ile yenye nembo ya tuzo kwenye jalada, ile ambayo kila mtu mtandaoni anailia machozi.

"Wewe!" mama akaita kutoka chumbani. "Unasoma huko bila mimi?"

"Tumbo, mama! Nakuja!"

Nikavuta maji. Kurasa zikagoma kushuka. Nikavuta tena... nikazisukuma kwa mpini wa fagio huku nalia.

Msinihukumu bado. Ngojeni niwaeleze.

Mimi ni msusi. Mama yangu alikuwa muuguzi. Sukari ilimpofusha macho, ikahamia kwenye figo, na daktari alishaniita pembeni akaniambia nimrudishe nyumbani, nimpe kila anachokipenda. Mnaijua hiyo lugha ya madaktari.

Mama alitaka kitu kimoja tu.

"Kuna kitabu kimetoka," alisema. "Kinahusu ile hospitali yetu wakati wa vita. Nisomee."

Nilifurahi! Mtaa mzima unajua habari za mama na vita. Marehemu baba ndiye aliyekuwa akizisimulia: wenzake wote walikimbia, yeye peke yake akabaki na watoto wa wodini mpaka msaada ulipofika. Shuleni nilitamba nazo sana. Mama mwenyewe hakuwahi kuzisimulia. Tukimuuliza, anainuka kwenda kuanua nguo. Nasi tunasema, jamani, mama yetu ana unyenyekevu!

Mteja wangu mmoja, mwalimu, tunamwita Madam, alinisifia kile kitabu nikiwa nimemshika kichwa.

"Hicho kitakubadilisha maisha," alisema.

Nikakinunua. Kusema kweli kilinichosha mapema. Mvua inanyesha kurasa tatu! Mtu akifungua dirisha, ukurasa mzima umeisha. Lakini nikavumilia. Nilikuwa namsubiri mama aingie.

Akaingia. Sura ya nne, nikiwa najisomea mbele saluni.

Muuguzi wa wodi ya watoto. Hana hata jina. Mabomu yanakaribia, anawaambia watoto, "Nakwenda kuchota maji." Anafunga mlango kwa nje, anaondoka na ufunguo... na harudi. Watoto wanabaki na kiu humo ndani, mpaka wawili hawaamki tena.

Nilikirusha kile kitabu kikampiga mteja aliyekuwa kwenye draya!

Hiki ndicho kitabu bora? Mtu anampaka mama yangu matope, halafu anapigiwa makofi?

Sasa, mama mdogo ndiye anayekaa na mama nikiwa kazini, na angeweza kumsomea wakati wowote. Ndiyo maana mmenikuta chooni. Niliing'oa sura ya nne yote. Nikapekua mpaka sura ya mwisho, nikaona neno "muuguzi" limekaa pale... nikaing'oa nayo. Sikuisoma hata mstari.

Nikarudi kitandani kwa mama. Nikafungua kitabu. Nikaanza kutunga.

"Muuguzi akasimama mlangoni," nikasema kwa sauti ya kusomea, "akawaambia watoto, msiogope, niko nanyi."

Mama akageuza uso. "Hajaondoka?"

"Hajaondoka, mama."

"Endelea."

Kesho yake nikatunga tena. Muuguzi anawaimbia. Muuguzi anagawa maji kwa kijiko. Nilikuwa najiona fundi kumshinda yule mwenye tuzo!

"Bado hajaondoka tu?"

"Bado, mama. Yupo."

Alikuwa anatetemeka. Nikadhani ni furaha. Siku hiyo akakataa chakula. Iliyofuata akakataa hata dawa. Nikachanganyikiwa. Nikaongeza sifa!

"Muuguzi akajilaza mlangoni ili bomu limkute yeye kwanza..."

"MUONGO!"

Kikombe kikapita sikioni mwangu, kikapasukia ukutani.

Mama hakuwahi kuniita hivyo maishani.

"Lete hicho kitabu."

Nikampa. Akakipapasa mgongo, akakipima mkononi.

"Mbona kimekonda?"

Nikainama kuokota vipande vya kikombe.

"Mwandishi nimemsikia redioni," akasema. "Amesimulia mwenyewe. Muuguzi anaondoka sura ya nne."

"Mama, yule amekusingizia!"

"Alisema walikufa wawili. Waliozikwa walikuwa watatu."

Jamani...



"Nilifunga ili wasitoke nje kwenye mabomu," akasema. "Nilikwenda kuchota maji kweli. Nikafika getini. Watu wanakimbia... nami nikakimbia. Ufunguo ulikuwa mfukoni."

"Na baba? Yale aliyokuwa anatusimulia?"

"Aliyatunga. Alidhani ananisaidia. Kama wewe."

Nikaanza kulia kwa sauti. "Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Mdomo uligoma miaka yote. Nikasema, basi kitabu kimwambie. Akisome kwa sauti yake mwenyewe, nami niwepo. Nikakungoja ufike hapo. Kila siku unaniambia hajaondoka, hajaondoka..."

Akanishika mkono. Vidole vya baridi.

"Yule mwandishi alikuwa mmoja wa watoto wale. Walimuuliza, ukikutana na huyo muuguzi utamwambia nini? Akasema, jibu liko sura ya mwisho." Akashusha pumzi kwa shida. "Nisomee sura ya mwisho."

Sura ya mwisho.

Wapendwa, mnakumbuka iko wapi.

Nilitoka mbio na kandambili zisizofanana. Duka la vitabu: "Kimeisha, dada, kinagombaniwa." Duka la pili: hakuna. Maktaba imefungwa. Nikampigia mama mdogo.

"Anapumua vibaya," akasema. "Anauliza kama umefika."

Nikaenda kwa Madam. Niligonga mlango kama nadai kodi.

"Nakuazima," akasema, akikishika kile kitabu kama mtoto mchanga. "Ila usinikunjie kurasa."

Nikarudi. Mama macho yamefumba, lakini aliposikia hatua zangu akainua kichwa.

"Umekipata?"

"Nimekipata."

"Kama kilivyoandikwa," akasema. "Usiniongezee hata neno."

Nikasoma. Mtoto wa wodini sasa ni mtu mzima. Anarudi kwenye hospitali iliyobomoka. Mvua. Kurasa mbili za mvua! Neno "muuguzi" nikalifikia... kumbe ni muuguzi mwingine kabisa, wa zahanati fulani, anampima presha.

Nikaendelea. Mtu yule akafika kwenye mlango wa wodi. Akasimama. Mvua ikaongezeka.

Mwisho.

Pembeni Madam ameandika kwa penseli: "Ukimya unaosema mengi!"

"Mbona umenyamaza?" mama akauliza.

"Kimeisha, mama."

"Hakunirudia?"

Mnanijua sasa. Mnajua nilivyotaka kufanya. Sentensi moja tu ya kutunga, ningempa msamaha wake pale pale. Mdomo ulishafunguka. Lakini alikuwa amenishika mkono.

"Hakukurudia, mama."

Akakipapasa kile kitabu.

"Kitabu kizima," akasema, "na tuzo zote hizo. Hata tusi hakunipa."

Halafu akanigeukia.

"Basi niambie wewe. Sasa umeshajua. Unasemaje?"

Mimi, bingwa wa kutunga... nikainuka.

"Ngoja nikuchemshie maji ya dawa," nikasema. "Nakuja."

Nikakimbilia jikoni. Nikasimama mbele ya sufuria nikiyapanga maneno. Nitamwambia: mama, mimi siwezi kukusamehe kwa niaba ya watoto wale. Lakini umenieleza, na bado wewe ni mama yangu. Nikayarudia mpaka yakakaa sawa. Maji yalikuwa yanachemka, mimi bado nayarudia.

Nikabeba kikombe nikarudi.

"Mama, nimerudi."

...

"Mama?"

Mama mdogo alikuwa ameshamfumba macho.

Jamani, kama una mzazi anayetaka kukuambia baya lake, mwache aseme. Usimsafishe. Anayemficha mtu makosa yake anamwacha nayo peke yake. Na akikuuliza unasemaje, mjibu hapo hapo, hata kama jibu ni bovu. Usiende jikoni.

Baada ya mazishi nilimrudishia Madam kitabu chake. Akakikagua ukurasa kwa ukurasa.

"Eeh, niambie! Kimekugusa?"

"Kimeniangusha," nikamjibu.

Akanitazama kwa huruma, akatikisa kichwa.

"Wewe," akasema, "hicho kitabu kinataka mtu mwenye moyo."