Bisibisi ya Augustin

Haya yalimkuta rafiki yangu Hamdun, fundi wa kompyuta, enzi za wanajeshi hapa Kampala. Kompyuta ya idara moja, kubwa kama makabati matatu ya nguo, ilikuwa inazima kazi ikiwa katikati, wakati wowote ikitaka. Fundi wa kwanza, Augustin, Mkongo, alitiwa kwenye buti ya gari mchana kweupe, ati anaihujumu. Hakuonekana tena.

Hamdun akaitwa kutoka Kawempe.

"Kama hapana pata ugonjwa yake mbele ya alasiri," afisa alimwambia, "basi ni wewe unaharibu."

Akafungiwa chumba kisicho na dirisha. Mafundi hugonga vibao vya umeme kwa mpini wa bisibisi, kimoja kimoja. Kibovu kikiguswa, mashine huzima. Hamdun hugonga mara mbili. Augustin, aliyemfundisha kazi, alikuwa akigonga mara tatu.

Hamdun aligonga vyote arobaini. Mashine ikanguruma tu. Akafunga mlango wa kabati, akaketi jasho likimtoka.

Umeme ukakatika. Feni zikavuma polepole, zikanyamaza. Giza totoro.

Ko, ko, ko.

Sauti ilitoka ndani ya kabati. Ikahama kibao hadi kibao, tatu tatu, bila haraka, Hamdun akihesabu. Ikakoma kwenye cha saba.

Taa ziliporudi alikichomoa, akaweka kipya. Mashine haikuzima tena, naye akaachiwa.

Kile kibovu anacho mpaka leo. Amenionyesha: kina alama tatu za mpini wa bisibisi, upande wa nyuma, ule uliokuwa umebanwa na chuma ndani ya kabati, ambako hata kidole hakipiti.