Mama Vifungo Amtangulia Panya

Wateja walimwita Mama Vifungo, kwa sababu kila nguo aliyoshona aliitia kifungo cha akiba. Alikaa kwenye cherehani dukani kwake tangu asubuhi mpaka jioni. Choo kilikuwa mbali, nyuma ya jengo. Basi hakunywa maji, na mkojo aliubana. Kazi kwanza!

Mwili ukachoka kuvumilia. Mkojo ukaanza kumchoma kama pilipili. Siku ya tatu homa ilipanda, na mgongo ukauma chini ya mbavu.

Wifi yake alikuwa mtafiti wa dawa. Alipokuja kuchukua gauni lake, alimkuta anakunywa maji ya majani yaliyochemshwa.

"Wifi, unakunywa nini tena?"

"Dawa ya mkojo. Nimesoma kwenye simu, kompyuta imeigundua ndani ya majani haya. Si ndiyo kazi yenu?"

"Ndiyo kazi yetu, lakini bado iko njiani. Mimea ina kemikali maelfu. Kompyuta inatuchagulia chache ambazo huenda zikazuia vijidudu visijishike kwenye kibofu. Baada ya hapo ndipo tunaanza kupima. Kiasi cha kunywa hatukijui. Kama yanadhuru figo, hatujui. Hata panya wa maabara hajaonja."

"Hajaonja?"

"Hajaonja! Umemtangulia panya, wifi yangu."

Mama Vifungo alitaka kucheka, mgongo ukamkata. Hofu ikamwingia. "Kumbe nakufa?"

"Hufi. Lakini homa na mgongo ni dalili kwamba ugonjwa huenda unapanda kwenye figo. Hilo halingoji kesho. Inuka twende."

Kwenye zahanati walimpima mkojo, wakakuta vijidudu. Tabibu akampa vidonge.

"Umewahi, mama. Ungechelewa, figo zingeumia. Ukipata nafuu usiache dawa, maliza dozi yote. Kunywa maji, na mkojo usiubane."

Mama Vifungo alishusha pumzi ndefu. Machozi yalimtoka, ya furaha.

Baada ya siku tatu homa iliisha. Alitamani kuweka akiba vidonge vilivyobaki, lakini alimkumbuka tabibu, akavimaliza.

Asubuhi moja alirudi dukani akakuta wateja wawili wanamngoja.

"Fundi, ulikuwa wapi?"

"Chooni," alijibu kwa sauti, bila haya. "Na sikusikia maumivu hata chembe! Sasa nanywa maji, halafu nitakwenda tena. Haya, nani wa kwanza?"