Mgeni Asiyepitia Waya

Mgeni wa kwanza aliingia kwenye tovuti kabla waya wa intaneti haujachomekwa.

Injinia aliuona mstari wake kwenye skrini, akadhani macho yanamdanganya. Waya ulikuwa bado mkononi mwake, umekunjwa, ncha ya plastiki ikimchoma kiganja. Lakini kwenye daftari la seva, mahali kila anayebisha hodi huandikwa, palikuwa na mstari mmoja: saa nane na dakika tatu mchana, mgeni ameomba /saa. Jibu: 404. Yaani, alichoomba hakipo.

"Bug, kosa la programu tu," alisema, akachomeka waya.

Injinia lilikuwa jina la dhihaka. Mtaa ulimpachika tangu aliporudi nyumbani na digrii ya kompyuta, miaka minne iliyopita, akakaa. Amekaa hivyo hivyo, kama kiti. Intavyuu kumi na mbili, na katika zote watu wenye vitambi wamemuuliza swali lilelile: una experience ya miaka mitano? Utaipatia wapi miaka mitano kwa watu wasiokupa hata siku moja, hilo hawakuwa na muda wa kulijibu. Next.

Sasa alikuwa amepata kazi, kwa mama yake. Mama alikuwa fundi cherehani, alishonea sebuleni, na wateja walikuwa wanamkimbia mmoja mmoja kwenda kwa mafundi wanaoonyesha nguo zao mtandaoni. "Nitakutengenezea tovuti," Injinia alimwambia, "na itakaa humu humu ndani, kwenye kompyuta yetu. Hatumpigii mtu magoti."

Asubuhi ya siku hiyo kompyuta kuukuu ilikuwa imewekwa kwenye meza ya pembeni, hatua tatu kutoka kwenye cherehani. Ikabaki kuchagua programu ya seva, ile inayokaa mlangoni, impokee mgeni na kumpa ukurasa anaoutaka. Kulikuwa na ile kongwe inayotumiwa na kila mtu, yenye mipangilio mirefu kama kesi ya shamba. Kulikuwa na ile nyepesi ya vijana, isiyokusamehe hata nukta uliyoisahau. Zote nzuri, na zote zinaanza kwa maswali. Wewe nani? Una ruhusa gani? Thibitisha.

Ya tatu aliikuta kwa simu yake, chini kabisa ya jukwaa moja la mtandaoni la mafundi wa kompyuta. Haina jina la mtunzi, haina maoni, ndogo kama picha moja ya simu. Maelezo yake yalikuwa sentensi moja: Haina maswali mengi.

Hiyo ndiyo aliyoichukua.

Iliuliza moja tu: Wageni wafunguliwe nini? Hapo huandikwa jina la folda moja, ile yenye picha za magauni. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba ukipaacha patupu umefungua kila kitu. Injinia alijua. Alikuwa amechoka kujaza fomu. Akabonyeza Enter.

Saa nane na nusu daftari likaandika tena: /saa. Safari hii jibu lilikuwa 200. Kimepatikana, kimepelekwa.

Mama aliinua kichwa kutoka kwenye pindo la sketi. "Saa imekufa?"

Haikuwa imekufa. Mshale wa sekunde ulizunguka ukutani kama siku zote, ila kimya, bila ule mlio wake wa kutafuna.

"Betri," alisema Injinia.

"Betri ikiisha saa husimama, we msomi. Haitembei kwa kunyata."

Kesho yake daftari lilisema /kikaango, 404, kisha 200, na jikoni vitunguu vikawa vinarukaruka kwenye mafuta ya moto bila kutoa sauti. Adhuhuri likasema /cherehani. Mama alikanyaga, sindano ikapanda ikashuka, kitambaa kikasogea, na chumba kikabaki kimya kama vile wote wamezibwa masikio kwa udongo. Akatia mafuta. Akageuza gurudumu kwa mkono.

Ndipo Injinia akaisikia harufu, harufu ya kisima kilichofunikwa zamani, ikitoka kwenye tundu la feni la kompyuta. Akainama, akatega sikio kwenye bati lenye joto, na mle ndani, mbali, kama nyumba iliyo upande wa pili wa bonde, akasikia saa yao ikitafuna sekunde, na vitunguu vyao vikilia kwenye mafuta, na cherehani ya mama yake ikikimbia na kukimbia bila kupumzika, kama kuna mtu mle anayeshona nguo isiyo na mwisho na ana haraka ya kuimaliza.

"Umeniita?" Mama aliuliza nyuma yake.

"Sijakuita."

"Kuna mtu kaniita. Sauti siijui, kavu kama karatasi." Alikuwa ameshika ukosi wa gauni lake. "Nimenyamaza. Bibi yako alisema ukiitwa, usiitike mpaka umjue anayekuita."

Injinia akatazama skrini. /mama. 404.

Aling'oa waya wa intaneti. Aling'oa waya wa umeme. Feni haikusimama. Skrini ikaandika tena, taratibu: /mama. 404.

"Kaniita tena," Mama alinong'ona.

Injinia alimpigia simu Bisibisi, waliyesoma naye darasa moja, akamweleza yote; huyu ndiye aliyeacha kutafuta kazi mapema akafungua kibanda cha kutengeneza simu. Bisibisi alikuja na mkoba wake, anatania tangu mlangoni. "Injinia anamwita fundi simu. Nchi imeendelea." Kisha akauona waya wa umeme umelala sakafuni, na feni inazunguka.

"Bro, ulimfungulia nini?"

"Niliacha patupu."

"Patupu." Bisibisi alijifuta uso. "Umempa nyumba nzima, kisha unashangaa anaingia vyumbani."

Walifuta diski yote, mpaka asilimia mia. Skrini ikawa nyeusi. Injinia akahesabu pumzi tano. Kisha swali likarudi, peke yake, katikati ya weusi: Wageni wafunguliwe nini?

"Usiache patupu tena," Bisibisi alisema kwa sauti ya chini. "Taja kimoja. Atakula hicho, hatagusa kingine. Mimi ndivyo ningefanya. Mimi lakini sijui, usije ukanishika shati."

Injinia akaandika: cheti changu. Jibu lilikuja papo hapo. 404. Hata huyu hakioni.

Akafikiri. Kitu hiki kinakula sauti. Na yake imemfaa nini? Mara kumi na mbili ameitumia mbele ya vitambi, na hakuna aliyeisikia. Mama abaki na yake. Akaandika: sauti yangu.

200.

Feni ikasimama. Ukutani, saa ikaanza kutafuna. Mama alikanyaga cherehani, ikalia, naye akacheka, akafuta machozi kwa kipande cha kitambaa. Bisibisi alifungasha bisibisi zake harakaharaka, akaaga kwa kichwa, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Injinia akafungua mdomo kumwambia mama yake, basi, yameisha. Haukutoka hata mnong'ono.

Kwenye skrini, mstari mpya. /mama. Jibu bado.

"Mama," iliita kompyuta. Ilikuwa sauti yake mwenyewe Injinia, laini, ya zamani, ya kabla ya intavyuu. "Mama, njoo kidogo."

Mama alikuwa amempa mgongo, akikata uzi kwa meno. Injinia alimrukia, akamshika mabega, akatikisa kichwa, midomo yake ikisema usiitike, usiitike, usiitike, bila hewa, kama samaki aliyetupwa sakafuni. Mama akamgeukia, akamtazama kwa huruma ileile aliyomtazama nayo miaka minne yote. Hakuona ajabu. Sauti hii aliijua. Sauti hii aliizaa.

"Naam, mwanangu," akaitika.